Sindano Sita za Borghild

Shambani Stordal, Minnesota
4 Novemba 1936

Mdogo wangu Tordis,

Usishangae mwandiko. Naandika nimelala chali, ubao wa kukatia mkate juu ya tumbo, na penseli ya Leif ambayo ameitafuna mpaka imebaki kipande. Ukikuta neno lisilosomeka, liruke.

Uliniuliza kwa nini sijibu barua zako. Nilikuwa nangoja nipone kwanza, nikuandikie habari njema. Sasa mtoto ana miezi mitatu na mimi sijapona, basi pokea hii iliyopo.

Tangu nimzae Signe mwezi wa Agosti siwezi kutembea. Sisemi natembea kwa shida. Siwezi. Kichwa cha mtoto kilipopita nilisikia kitu kikiachia huku nyuma, pale mgongo unapokalia nyonga, kama fundo la kamba linalofunguka. Tangu siku ile nikisimama mifupa inateleza. Nikigeuka kitandani inagonga, kok, na Halvor anasikia. Si mimi peke yangu, Tordis, na yeye anasikia kwa masikio yake. Halafu Dokta Pruitt anakuja, ananigongagonga goti, anaitazama picha ya mifupa niliyopigwa mjini, anasema, "Mama, mifupa yako mizima kama ya farasi. Tatizo lako liko juu zaidi." Akajigusa kipaji cha uso. Mbele ya mama mkwe!

Natambaa. Mimi niliyekuwa nabeba ndoo mbili za maziwa kutoka zizini bila kumwaga, natambaa kwenda jikoni kwa mikono, nikiburuta miguu, na Marit anadhani ni mchezo. Anatambaa nyuma yangu akicheka.

Mama mkwe alisema jana huku akimenya viazi: "Bibi yangu alizaa kumi na mmoja, na alikufa akiwa amesimama." Nikamjibu, "Basi mimi nitaishi nikiwa nimelala." Hakucheka mtu.

Wewe ni nesi, umesoma. Niambie ukweli bila kunihurumia. Kuna mtu mwingine duniani mwenye kitu hiki, au ni mimi tu? Maana siku nyingine nalala hapa najiuliza kama Pruitt anasema kweli.

Dada yako,
Borghild


Minneapolis
13 Novemba 1936

Dada yangu,

Wapo. Nimewaona wawili kwa macho yangu, wote wanawake waliotoka kujifungua. Mifupa yao ilikuwa mizima. Kilicholegea ni kano, zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa mwenzake. Picha haioni kamba, inaona mfupa tu. Kwa hiyo huna wazimu. Lisome neno hili mara mbili, halafu msomee mama mkwe.

Ila sitakudanganya kuhusu dawa. Mmoja alifungwa mkanda mpana wa ngozi akaambiwa alale mwaka mzima. Wa pili walimpasua, wakamchukua kipande cha mfupa wa mguu wakakipigilia nyuma ili kiungo kisicheze tena. Huyo hakurudi nyumbani. Sitaki upasuliwe.

Hapa kazi ni ileile. Dokta Wardlow anatibu ngiri tu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Wanakuja wapakiaji wa viwanda vya unga na watu wa reli, matumbo yao yametoboka kwa kubeba mizigo, na utumbo unachungulia chini ya ngozi. Yeye hawapasui. Anawachoma sindano kuzunguka lile tundu, dawa inayotoka kwenye mbegu fulani, nayo inawasha nyama ya ndani mpaka ivimbe. Siku tatu mtu anatukana ukoo mzima wa daktari. Kisha uvimbe unashuka, panabaki kovu nene, na kovu linaziba tundu. Mimi ndiye ninayewapapasa wiki ya nane kuona kama pameshika. Pale palipokuwa laini kama unga uliokandwa panakuwa pagumu kama soli ya kiatu.

Nakuandikia haya ili ucheke. Jana mzee mmoja wa Kiswidi, mkubwa kama mlango, alizimia alipoiona sindano kabla haijamgusa.

Jikaze, Dada. Nitauliza kila ninayeweza kumuuliza.

Tordis


Stordal
24 Novemba 1936

Shemeji Tordis,

Salamu. Mimi si mtu wa kuandika, unanijua, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Borghild hajui kuwa nakuandikia. Alhamisi nilikuwa zizini. Alitambaa hadi kwenye jiko atie kuni, akajivuta asimame, akaanguka juu ya jiko. Mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko. Kaa liliruka likashika zulia. Leif ana miaka sita. Yeye ndiye aliyemwaga ndoo ya maji. Nilipoingia nilikuta moshi, mke wangu chini, na Signe analia kwenye kitanda chake umbali wa hatua mbili kutoka pale palipoungua.

Dokta Pruitt anasema haya mambo hayatapungua. Anasema Borghild akisema mifupa yake inafunguka na kufunga kama mkasi, hiyo yenyewe ni dalili. Ameandika karatasi za kumpeleka kwenye hospitali ya jimbo, ile ya wagonjwa wa akili. Anasema watampumzisha. Hakimu anasikiliza mambo hayo mwezi wa Februari. Inatakiwa sahihi ya mume na ya ndugu wa damu mmoja. Wewe ndiye ndugu aliyebaki.

Sina pa kwenda, Shemeji. Siwezi kulisha ng'ombe na kulinda jiko kwa wakati mmoja. Ukiona kuna njia nyingine niambie. Kama hakuna, weka sahihi. Usimwambie.

Halvor


Stordal
28 Novemba 1936

Tordis,

Nimeungua mkono kidogo, si kitu, kwa hiyo mwandiko ndio umeharibika zaidi.

Nimelisoma lile neno mara mbili kama ulivyoniamuru. Halafu nikaisoma ile habari ya ngiri mara kumi. Ulidhani nitacheka. Sikucheka. Unamkumbuka Svarta, farasi jike wa baba? Aliyelegea mguu wa mbele akawa anachechemea, baba akataka kumpiga risasi? Baba mdogo alikuja na chuma chekundu, akauchoma ule mguu mistari kwa mistari, juu ya kano. Tulilia mimi na wewe nyuma ya rundo la nyasi kavu, tukisema baba mdogo ni shetani. Ukavimba mguu ukawa kama gogo. Na masika ile Svarta alivuta jembe.

Sasa niambie, wewe msomi. Baba mdogo aliwasha kano kwa moto ikashupaa. Dokta wako anawasha nyama kwa sindano ikashupaa. Mimi kano zangu zimelegea. Mbona hakuna anayeniwasha?

Muulize Dokta wako. Mwambie kuna farasi mmoja Stordal, miaka thelathini na moja, meno yote yapo, yuko tayari kuchomwa. Usimwambie kwa adabu mno. Mwambie kama ninavyokuambia.

Halvor haongei siku hizi. Anaingia, anakula, anatazama sahani. Ana jambo. Nadhani ni yale mahindi yaliyokauka na jua la kiangazi.

Borghild


Minneapolis
5 Desemba 1936

Shemeji Halvor,

Sitaweka sahihi.

Nakuelewa kuhusu moto, na sikulaumu kwa kuogopa. Lakini dada yangu hana ugonjwa wa akili, na mtu mzima akiingia kule hatoki upesi. Dokta Wardlow, bwana mkubwa ninayefanya naye kazi, amekubali kumtibu kwa njia mpya. Anaomba muda wa kujiandaa hadi katikati ya Februari. Tafadhali mwombe hakimu asogeze mbele. Watoto wapeleke kwa dada yako Oline kwa sasa, angalau mdogo.

Sitamwambia Borghild kuhusu karatasi. Na wewe usiseme.

Tordis


Stordal
6 Januari 1937

Tordis,

Mwezi mzima umeniandikia "Dokta anafikiria." Anafikiria nini? Hata Mungu aliumba dunia kwa siku sita.

Wamemchukua Signe. Halvor alimfunga kwenye blanketi la farasi akampeleka kwa Oline kabla ya Krismasi, maili kumi na nne kwenye theluji. Alisema, "Ni kwa muda tu, Borghild." Nikasema, "Muda gani?" Akasema, "Basi tu, muda." Maziwa yalinijaa siku nne, nikawa nayakamua kwenye bakuli kama ng'ombe, mama mkwe anayamwaga dirishani. Juu ya theluji hayaonekani.

Oline ni mwanamke mwema. Ananichukia kwa upole. Ameandika kwamba mtoto amenenepa na anamwitikia anapomwita.

Leif na Marit hawaji tena chumbani kwangu bila kuitwa. Nikiwaita wanasimama mlangoni. Jana nilimsikia Marit akimuuliza bibi yake, "Mama ataendelea kuwa mnyama hadi lini?" Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Tordis, kuna mambo nayawaza ambayo siyaandiki. Kama Dokta wako amekataa, sema amekataa. Usinifiche kama mtoto. Kungojea kitu kisichokuja kunaniua kuliko hii nyonga.

B.


Minneapolis
30 Januari 1937

Dada yangu,

Sasa naweza kukuambia. Keti, au lala, unajua ninachomaanisha.

Amekataa tangu mwanzo. Nilimpelekea maneno yako siku ile ile, farasi na yote, akaniambia, "Nesi Tordis, mimi natibu ngiri. Sitibu wake wa wakulima kwa ushauri wa mafundi wa farasi." Nikasema ngiri ni nyama iliyolegea na kano ni nyama iliyolegea. Akasema, "Na mimi ni mtu aliyechoka. Toka." Nilikudanganya. Nimemdanganya na mwingine pia, nilisema amekubali. Sikujua la kufanya.

Unakumbuka kifundo changu cha mguu wa kulia, kilichogeuka kwenye barafu nilipokuwa mwanafunzi? Tangu hapo kilikuwa kinajikunja kila mwezi, nilishaanguka ngazini na sinia la sindano. Basi tarehe saba Desemba, mchana wagonjwa walipokwisha, nilichukua dawa iliyobaki kwenye chupa, nikafunga mlango wa chumba cha mashuka, nikajichoma mwenyewe. Nilifikisha ncha mpaka pale kano inaposhika mfupa. Dada, nilidhani nimejiwasha kiberiti. Nilifanya kazi siku nne na kiatu kilichofunguliwa kamba, nikimwambia kila mtu nimeumwa na kiatu kipya. Baada ya wiki mbili nikarudia. Kisha tena.

Jumatatu aliniona nikishuka ngazi mbio. Akasimama. "Kifundo chako kimekuwaje?" Nikamwambia ukweli wote. Alinifukuza kazi saa nne asubuhi. Aliniita mwizi, aliniita mwendawazimu, alisema ningeoza mguu nikafa na yeye akafungwa. Nilikuwa nakusanya vitu vyangu chumbani alipokuja kugonga, saa nane, kofia mkononi. Alisema, "Kaa. Nipe huo mguu." Akaupinda kulia, akaupinda kushoto, akauchukua na mguu wa kushoto ulio mzima, akailinganisha. Muda mrefu. Kisha akasema, "Yule dada yako ana uzito gani?"

Tangu siku hiyo ameagiza nyonga ya ng'ombe kwa mchinjaji, anaichoma sindano mezani kutafuta njia. Chumba kizima kinanuka supu.

Hakuahidi kitu. Amesema niandike hivi: hajawahi kuifanya, hajui mtu aliyewahi kuifanya mahali hapo, inaweza kukuacha vibaya kuliko ulivyo. Sindano sita, kila baada ya wiki mbili. Malipo hataki. Utakaa chumbani kwangu. Mwambie Halvor akulaze kwenye behewa la mizigo na godoro, msimamizi wa treni nimeshamwandikia.

Njoo, Dada.

Tordis


Minneapolis
23 Februari 1937

Halvor,

Nimefika, kama Tordis alivyokupigia simu ya maandishi. Mizigo mingine ndani ya behewa ilikuwa kuku, na walikuwa na mazungumzo bora kuliko mama yako.

Nimechomwa ya kwanza Jumatatu iliyopita. Sindano yenyewe ndefu kama ya kushonea magunia. Dokta Wardlow ni mtu mfupi mwenye mikono ya baridi, na alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Nikamwambia, "Daktari, mmoja wetu lazima atulie." Akasema, "Nisaidie basi, mama, tulia wewe."

Sitakuficha. Nimekuwa vibaya. Homa siku tatu, nyuma kote kumevimba, hata kutambaa siwezi tena. Tordis ananigeuza kwa shuka kama mkate kwenye sufuria. Jana Dokta alikuja, akasimama dirishani, akasema labda tuishie hapa. Nikamwambia nikirudi hivi, nimekwisha. Akasema atafikiri mpaka Jumatatu.

Niandikie. Niambie Leif anakohoa bado? Niambie chochote. Hapa nasikia magari siku nzima na hakuna hata moja linalonijia.

Borghild


Stordal
4 Machi 1937

Borghild,

Leif hakohoi. Ng'ombe mwenye doa amezaa, dume. Marit ameng'oka jino.

Barua yako nimeisoma zizini. Sikutaka mama aione nikiisoma.

Najua Tordis ameshakuambia kuhusu karatasi za hospitali ya jimbo. Najua kwa sababu kwenye barua yako hukunitaja kwa wema hata mara moja, na una haki. Lakini nataka ulisikie kutoka kwangu. Niliweka sahihi yangu mwezi wa Novemba, baada ya ule moto. Hakimu amesogeza mpaka mwisho wa Aprili. Pruitt anasema ukirudi hutembei, hatahitaji tena sahihi ya Tordis, yake itatosha pamoja na ya mama.

Sikufanya kwa kukuchoka. Niliona zulia limeungua. Kila nikifumba macho naona zulia.

Ukiniambia nije nikuchukue, nitakuja. Ukiniambia endelea na sindano, endelea.

Halvor


Minneapolis
9 Machi 1937

Halvor,

Tordis hakuniambia chochote. Umeniambia wewe.

Miezi sita ulilala kando yangu. Mifupa ikigonga, ulikuwa unauliza, "Imetoka tena?" Ulisikia. Siku Pruitt alipokuuliza mbele yangu, "Wewe bwana umesikia kitu?" ulitazama kofia yako ukasema, "Sijui." Nilidhani umepitiwa. Sasa naelewa.

Nimemwambia Dokta aendelee. Ameendelea. Usije.

Borghild


Minneapolis
29 Machi 1937

Shemeji Halvor,

Nakuandikia bila ruhusa yake. Siku kumi na moja hakusema nami. Ananiacha nimgeuze, nimlishe, nimwoshe, mdomo umefungwa. Siku ya kumi na mbili alisema, "Ulijua tangu Novemba." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kila mtu aliyenibeba alikuwa na siri yangu mkononi." Kisha akaomba kahawa.

Sindano nne zimeshaingia. Baada ya ya tatu nilisikia tofauti chini ya kidole, kidogo sana, nikanyamaza, nikaogopa kujidanganya. Leo nimemgeuza na hapakugonga. Nikamgeuza tena makusudi. Kimya. Tulitazamana. Akasema, "Mara nyingine." Tulifanya mara saba, mpaka akaniambia inatosha, utanivunja.

Bado hajasimama. Hakimu ni mwisho wa Aprili. Nakuomba, Shemeji, kama kuna mtu ndani yako aliyekuwa anasikia ile mifupa, mwamshe.

Tordis


Stordal
11 Aprili 1937

Borghild,

Hii ni barua ya nne. Tatu hukujibu na hii usipojibu nitaandika ya tano.

Umeniuliza kuhusu Pruitt na nimekaa nalo muda mrefu. Ukweli ni huu. Kabla hajaingia chumbani kwako siku ile, alinikuta uani akaniuliza, nikamwambia ndiyo, nimesikia mifupa ikigonga. Alinicheka. Alinipiga begani akasema waume wapole huambukizwa mawazo ya wake zao, na nisipoangalia nitalazwa kitanda cha pili. Alipouliza tena mbele yako, niliona aibu. Ndivyo ilivyokuwa. Aibu ya dakika moja, na wewe ukailipia.

Jana nilikwenda mahakamani. Karani ni yule Nygaard, tuliyesoma naye kipaimara. Nikasema nataka kuondoa karatasi zangu. Akauliza, "Amepona?" Nikasema, "Sijui." "Sasa kwa nini unaondoa?" Nikasema, "Kwa sababu niliandika uongo." Akasema kuandika uongo mbele ya hakimu ni kosa. Nikasema, "Basi andika na hilo." Alinitazama, akafungua droo, akanipa. Nilizitia kwenye tanuru la jengo lao hapo hapo, mwangalizi akinishikia kifuniko. Kisha nilikwenda kwa Pruitt nikamwambia asikanyage tena kwangu, na mama nimemwambia kama anataka kuweka sahihi ya kitu chochote, aweke akiwa nyumbani kwa Oline.

Sikuombi unisamehe. Nakuambia yaliyotokea.

Halvor


Minneapolis
3 Mei 1937

Halvor,

Tarehe ishirini na sita Aprili nilisimama. Nilishika kitanda kwa mikono yote miwili, Tordis mbele, Dokta Wardlow nyuma kama mtu anayetaka kudaka kuku. Nilihesabu mpaka arobaini. Miguu ilitetemeka kwa udhaifu tu. Nyonga haikuteleza. Dokta alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alisema, "Usifurahi mapema." Yeye mwenyewe alikuwa analia, mjinga yule.

Jana nimekwenda mpaka mwisho wa korido na kurudi, nikiwa na mkanda, nikishika ukuta. Maumivu yapo. Dokta anasema huenda yakabaki mengine maisha yote, hajui, hakuna aliyetangulia wa kumuuliza.

Nakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tano, treni ya mchana. Nitakaa kwenye kiti.

Sikiliza vizuri. Nikishuka, usinibebe. Hata nikianguka usiniguse mpaka nikuombe. Mikono yako ilinipeleka chooni miezi sita bila kunung'unika, na ndiyo iliyoweka sahihi. Sijui namna ya kuitenganisha. Labda ukifika wakati nitajua, labda sitajua. Chumba cha juu kiandae, nitalala peke yangu kwa sasa.

Signe awepo nyumbani. Si kwa Oline. Nyumbani.

Borghild


Stordal
6 Juni 1937

Tordis mdogo wangu,

Samahani kwa kunyamaza tena. Safari hii ni kwa sababu nina kazi.

Nimepata habari kwamba Dokta Wardlow alisimama mbele ya wenzake akaeleza habari zangu na wakamcheka. Mwambie pole. Mwambie pia amekosea umri wangu, mimi si thelathini na tatu. Wanaocheka awalete Stordal, mistari ya viazi ni mingi na majembe yapo.

Asubuhi naamka nimekakamaa kama ubao. Ngazi nazipanda kwa mguu mmoja mmoja, kama mtoto. Ndoo nabeba moja, nusu. Leif anatembea kando yangu akinitazama miguuni, sijui lini ataacha. Halvor hajanigusa, kama nilivyomwambia. Jumapili kanisani akina mama waligeuka wote nilipoingia, na yeye akatembea nyuma yangu hatua tatu, mikono mfukoni, uso mwekundu, akingoja kuona nitaangukia upande gani. Sikuanguka. Wakati wa kutoka nilimshika mkono wa koti. Koti tu. Tumefika hapo.

Sasa nikuambie kuhusu Signe, maana hilo ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo na nimekuwa nalizunguka.

Oline alimleta siku ya tatu baada ya mimi kurudi. Mtoto mnene, nywele nyeupe, meno manne. Oline akamtoa kwenye kifua chake akanipa, na mtoto akanitazama usoni, akamtafuta Oline kwa macho, akaanza kupiga kelele. Si kulia, Tordis, kupiga kelele, kama nimemwiba. Alinisukuma kifua kwa mikono miwili. Oline alinyoosha mikono, akasema, "Nipe, atatulia." Mama mkwe akasema, "Kaa chini angalau." Halvor aliondoka akaenda nje.

Nikasema sikai. Nikamkumbatia kwa nguvu, miguu ile midogo ikinipiga tumboni, nikasimama katikati ya jikoni. Alilia mpaka sauti ikakauka, akapumzika, akanitazama, akakuta bado ni mimi, akaanza upya. Nadhani ilifika nusu saa. Nyuma kote kulikuwa kunawaka moto. Mwishowe aliweka kichwa begani kwangu, kwa kuchoka tu, si kwa kunipenda, akalala.

Sikumweka chini. Nilisimama naye hivyo hivyo.

Dada yako,
Borghild